UZI: Mtu mzima mwenye Down akichelewa kuitikia, usirudie maneno. Mwonyeshe, kisha subiri

MtibaKazi_Kgm (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wote wanaoishi au kufanya kazi na watu wazima wenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada) hapa Kigoma: kwenye vichanja vya kukaushia dagaa vya Katonga, kwenye mashine za mawese, kwenye maduka ya Mwanga, majumbani. Naomba tuongelee kitu kimoja tu, ule muda unaopita kati ya kumwambia mtu "shika" na mkono wake kuanza kwenda.

Muda huo kwao ni mrefu. Si uvivu, si kiburi, na mara nyingi si kwamba hajaelewa. Mtu mzima asiye na Down, akiambiwa abonyeze kitufe taa ikiwaka, huanza kusogeza kidole baada ya robo ya sekunde hivi. Mwenye Down kwa kawaida huchukua theluthi ya sekunde, nusu, au zaidi, na majibu yake hayafanani: mara hii haraka, mara inayofuata karibu mara mbili yake. Na hiyo ni taa moja na kidole kimoja. Weka taa mbili achague, au weka maneno badala ya taa, zinaweza kupita sekunde kadhaa.

Muda unaenda wapi? Sehemu inaliwa kwenye kupokea. Kumbukumbu ya maneno yaliyosikika sasa hivi ni fupi kwao. Wengi wetu tukisomewa namba sita au saba tunazirudia, wao wengi huishia tatu au nne. Sasa chukua agizo la kawaida la pwani: "Nenda kachukue lile beseni la bluu pale kwa mama yako ulete hapa tumwage." Likifika mwisho, mwanzo wake umeshapotea. Sehemu nyingine inaliwa kwenye kupanga mwendo wenyewe. Iliyobaki ni utekelezaji: misuli imelegea tangu kuzaliwa, viungo vinapinda kupita kawaida, na serebela, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayosawazisha miondoko, ni ndogo kuliko kawaida. Ili mkono usiyumbe, mtu hukaza misuli ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Mkono unakuwa imara lakini mzito kuondoka. Mark Latash, aliyechunguza miondoko hii kwa miaka mingi, aliueleza uzito huu wa kuondoka kama chaguo la usalama la mwili. Nakubaliana naye kabisa. Mwili usioamini viungo vyake hauwezi kukurupuka.

Kosa kubwa ninaloona ni kurudia agizo kabla jibu halijafika. Umesema "tandaza", zimepita sekunde mbili, unasema "si nimekwambia uwasambaze?" Pale alikuwa ameshafika katikati ya kupanga, wewe umemletea neno jipya, anaanza upya. Mara ya tatu unapaza sauti, na hapo anasimama kabisa. Watu wanasema "amegoma". Hajagoma.

Sema mara moja. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano taratibu, na kama kazi ni mpya hesabu hadi kumi. Asipoanza, usiseme tena, onyesha.

Mwalimu_ElimuMaalumu #2

Umefungua vizuri, dada. Niongezee kwenye "onyesha", maana wengi wanadhani ni kupungapunga mkono huku mdomo unaendelea.

Kule Kanada, watafiti Digby Elliott na Daniel Weeks walianza miaka ya 1980 kupima jambo hili. Watu wenye Down walipoambiwa kwa mdomo wafanye mfuatano wa miondoko ya mikono, walikosea kuliko watu wasio na Down wenye ulemavu wa akili wa kiwango kile kile. Walipoonyeshwa, tofauti hiyo ilipungua sana. Maelezo yao yalikuwa kwamba kwa wengi wenye Down maneno hupokelewa zaidi upande wa kulia wa ubongo, wakati miondoko hupangwa kushoto, hivyo ujumbe hupoteza nguvu ukivuka. Hayo ya pande za ubongo yamebishaniwa sana baadaye na si kila mwenye Down yuko hivyo. Lakini la kuonyesha badala ya kusema, sisi wa darasani tunaliona kila siku.

Namna yenyewe. Simama ubavuni kwake, msimame mnaelekea upande mmoja. Ukimkabili uso kwa uso, mkono wako wa kulia kwake uko kushoto na inabidi augeuze kichwani. Kabla ya hapo jua mkono wake wa kazi. Wanaotumia kushoto, na wanaochanganya mikono, ni wengi zaidi kwao kuliko kwa watu wengine. Weka kijiko katikati ya meza mara tano kwa nyakati tofauti uone mkono upi unakwenda. Usimuulize, atakujibu anachodhani unataka kusikia.

Kisha vuta macho yake kwenye kitu, si kwako. Gonga ukingo wa bakuli kwa ukucha, ngoja mpaka macho yatue pale, halafu fanya kimya kimya, polepole, mara mbili. Ndipo useme neno moja, "Tandaza." Neno liwe lile lile kwa watu wote wa kazini na nyumbani. Mama akisema "anika", kaka "sambaza", bosi "mwaga", hayo ni maneno matatu kwa mwondoko mmoja. Na kama nyumbani ni Kiha, neno la kazi liwe la Kiha na bosi ajifunze. Ni neno moja, halimshindi.

MamaChanja_Katonga #3

Asanteni sana. Mimi nitaongea la chanja peke yake kwa kuwa ndiyo kazi inayotafutiwa vijana wengi huku.

Usimpe beseni. Beseni la dagaa wabichi ni zito, linacheza, na kiganja kilicholegea hakiwezi kulimwaga kidogo kidogo. Linatoka lote, linakuwa lundo. Lundo likikaa saa mbili juani, wa juu wanakauka na wa chini wanavunda, na ukija kugeuza wanakatika vichwa. Watu wanasema kijana hajui kazi, kumbe chombo ndicho kibaya.

Chukua bakuli la plastiki la lita 2, lipige rangi nyekundu ndani kwenye nusu. Chanja ligawe kwa kamba za rangi, miraba ya sentimita 50 kwa 50. Bakuli moja mpaka kwenye rangi ni mraba mmoja. Miondoko ni hii: chota mpaka nyekundu, weka mdomo wa bakuli juu ya kamba, inamisha, tandaza kwa kiganja kilichokunjuliwa mpaka uone wavu katikati ya dagaa, sogea mraba wa pili.

Ukimfundisha anza na mwisho. Wewe chota, wewe mwaga, yeye atandaze tu. Akitandaza vizuri siku mbili, aongezewe kuinamisha. Halafu kuweka mdomo kwenye kamba. Kuchota kuje mwisho. Hivyo kila mara anamaliza mraba kwa mkono wake na anauona umejaa sawasawa.

Urefu wa chanja uwe sentimita 10 chini ya kiwiko chake akisimama. Wengi ni wafupi na mikono yao ni mifupi, chanja la mita moja linamlazimisha kunyanyua mabega siku nzima. Upana usizidi mita 1 na sentimita 20, na pande zote mbili ziwe wazi kupita, afikie katikati bila kulalia wavu.

Kugeuza ni kazi nyingine, ina uamuzi ndani yake. Neno "wakikauka kidogo" halimsaidii. Mfundishe kipimo cha macho: mnyanyue dagaa mmoja kwa mkia, akijikunja bado, akisimama wima geuza.

Fizio_Mwanga #4

Mama Chanja, hilo la mkia ni zuri mno. Ni kitu anachokiona, hakuna neno la kukumbuka.

Nigusie kupima, kwa kuwa kuna watu wanatumia rula ya shule ya sentimita 30: unaiachia, mtu anaidaka kwa vidole, unasoma sentimita. Kwa mwenye Down rula hiyo haifai. Sentimita 30 zinapita kwa robo ya sekunde. Atakosa mara kumi kati ya kumi na mtaandika "hawezi", wakati alikuwa njiani.

Tafuta ufito mwembamba ulionyooka wa mita 1 na nusu, uuchore kila sentimita 10. Umbali na muda vinakwenda hivi: sentimita 20 ni sekunde 0.20, sentimita 45 ni 0.30, sentimita 60 ni 0.35, sentimita 80 ni 0.40, mita 1 ni 0.45. Uzito wa ufito haubadilishi kitu. Mkono wake ulale kwenye ukingo wa meza, kiganja kitokeze nje, vidole viachane upana wa vidole viwili, na ncha ya chini ya ufito iwe katikati yake. Panda kwenye kigoda ili ushike juu. Sema "tayari", kisha achia baada ya sekunde moja, au mbili, au tatu, ukibadilisha asiotee. Achia mara 13. Tatu za kwanza ni za kuzoea, usiziandike. Kumi zilizobaki zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya tano na ya sita, zijumlishe, gawanya kwa mbili. Usichukue wastani wa zote, moja aliyopitiwa akiangalia mbuzi itaharibu hesabu yote. Lakini andika pia ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, kwa kuwa hilo pengo ndilo linaloonyesha umakini unavyopanda na kushuka. Pengo likikua mwezi hadi mwezi, kuna kitu.

Kama una simu ya kurekodi video, bora zaidi. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kila picha ni sekunde 0.033. Rekodi akiambiwa au akionyeshwa achukue kikombe. Hesabu picha kuanzia ishara hadi mkono unapotikisika mara ya kwanza, huo ni muda wa kuanza. Hesabu tena hadi kidole kinapogusa kikombe, huo ni muda wa kwenda. Ukiona kuanza ni kurefu lakini kwenda ni kwa kawaida yake, tatizo litafute masikioni au kwenye namna unavyoagiza. Kuanza kukiwa sawa na kwenda kukawa kwa kusitasita, mkono unafika karibu unajirekebisha mara tatu nne, angalia macho, bega na urefu wa meza. Rekodi mara 10 kwa maneno na mara 10 kwa kuonyesha. Pengo kati ya hizo mbili ndilo la kumwonyesha bosi anayesema "huyu haelewi".

Nesi_Ujiji #5

Kabla ya ufito na video, naomba watu wapite kituo cha afya. Kuna sababu za mwili zinazochelewesha mtu na zinatibika, na zinakosewa kwa kuwa kila kitu kinatupiwa Down.

Masikio kwanza. Njia ya sikio kwao ni nyembamba na uchafu huziba kirahisi, na wengi hupungukiwa usikivu wakiwa watu wazima. Aangaliwe sikio kwa kifaa angalau mara moja kwa mwaka. Sikio likiwa halitoi usaha na ngoma yake haina tundu, matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni asubuhi na jioni kwa siku kadhaa hulainisha. Vijiti vya pamba vinasukuma ndani, tupa.

Macho: mtoto wa jicho huja mapema kwao, na wengi wanahitaji miwani ambayo hawajawahi kuwa nayo.

Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kufanya kazi pungufu ni jambo la kawaida sana kwao. Dalili zake ni polepole, baridi, uzito kuongezeka, ngozi kavu, kukosa choo, usingizi. Ziangalie vizuri, kila moja inaweza kupachikwa Down na mtu akakaa miaka bila dawa. Ni kipimo cha damu, kirudiwe kila mwaka. Anzia kliniki yako, wakikupa rufaa nenda hospitali ya mkoa, Maweni.

Usingizi: ulimi umejaa mdomoni, njia ya hewa ni nyembamba, anakoroma halafu pumzi inakatika sekunde kadhaa, anashtuka. Mtu wa namna hiyo hajalala hata kama alikuwa kitandani kwa saa tisa nzima. Wengine hulala wameketi au wamejikunja magoti hadi kichwani. Ukiona mlalo huo usiucheke, sema kliniki.

Na shingo, hili naliandika kwa msisitizo. Mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo kwa baadhi yao imelegea na inaweza kubana uti wa mgongo. Mtu aliyekuwa anatembea vizuri akaanza kuburuta mguu, mikono ikadondosha vitu, shingo ikapinda au kuuma, mkojo ukaanza kumtoka, hiyo ni dharura. Si ya kusubiri Jumatatu, na hakuna kuchua shingo.

Mzee_wa_Gungu #6

Nawasoma nyote, hongereni. Lakini nina swali kwa dada wa tiba kazi. Ukimwonyesha kila siku, si atakaa akikutazama wewe mpaka uzeeni? Mtu mzima anatakiwa ajitegemee.

MtibaKazi_Kgm #7

Shikamoo baba. Hofu yako ni ya kweli, inatokea sana, na inatokea pale msaada unapotolewa bila mpango wa kuuondoa.

Msaada hupunguzwa kwa kupanda mkono. Siku za mwanzo unashika kiganja chake mnatandaza pamoja. Halafu unashika kifundo tu. Halafu kiwiko. Halafu vidole viwili begani. Halafu humgusi, mkono wako unafuata wa kwake kama kivuli. Halafu unaonyesha mara moja asubuhi basi. Mwisho inabaki picha: piga kwa simu picha ya mkono wake mwenyewe katika kila mwondoko, zichapishe, zipange kwenye kamba kutoka kushoto kwenda kulia, funika kwa plastiki. Anatazama picha, hakutazami wewe. Unashuka ngazi akifanya mara tano mfululizo bila kukosea. Akikosea mara mbili mfululizo, rudi ngazi moja, usirudi mwanzo.

Jambo la pili ni wingi wa mazoezi, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema. Mtafiti Gil Almeida, pamoja na Latash na wenzao, waliwapa watu wenye Down zoezi moja la kukunja kiwiko haraka, zaidi ya mara 1000. Wakawa wa haraka kiasi cha kukaribia watu wengine, na hata namna misuli ilivyokuwa inakazwa ilibadilika. Kwa hiyo uzito ule si hukumu ya maisha. Ila mara 1000 ni nyingi. Mizunguko 20, pumziko la dakika tano na maji, tena 20, tena 20, inakuwa 60 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki nne, ni 1200. Watu humjaribu mtu siku tatu, mizunguko kama 30 jumla, wanasema hafundishiki. Baba, hapo hata hajafundishwa.

Wiki mbili za kwanza usibadilishe kitu: bakuli lile lile, chanja lile lile, upande ule ule. Mwondoko ukishakaa ndipo ubadilishe kimoja kimoja.

Kuhusu kuchoka, karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na hata asiye nayo moyo wake haupandi mapigo kama wa mwingine. Usimlinganishe na kijana wa jirani. Akishindwa kusema sentensi fupi bila kuhema, apumzike.

Mzee_wa_Gungu #8

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa.

Nahodha_Kibirizi #9

Sisi wa maboti tunabeba abiria wa aina hii kwenda vijiji vya kaskazini. Akifika kwenye ubao wa kupandia anasimama, nyuma foleni inapiga kelele, vijana wanamvuta mkono. Tufanyeje?

Fizio_Mwanga #10

Kwanza vijana waache kumvuta mkono. Bega lililolegea linaweza kuchomoka, na akivutwa ghafla kichwa kinarushwa nyuma, na Nesi ameshaeleza shingo.

Kusimama pale kuna sababu. Wengi wao hawapimi kina kwa macho vizuri. Mpaka kati ya mchanga mweupe na ubao mweusi, au kivuli cha boti juu ya maji, kwake unaweza kuonekana kama shimo. Utaona hata kwenye sakafu inayobadilika rangi, au ngazi ya kwanza ya stesheni: anasimama, anapapasa kwa mguu. Chora mstari wa rangi ya njano mwanzo na mwisho wa ubao, na kipande cha njano pale mguu wa kwanza unapotakiwa kukanyaga ndani ya boti.

Mpandishe wa kwanza, kabla ya foleni. Baharia mmoja atangulie mbele yake akipanda polepole, yeye amwone miguu. Wa pili awe ubavuni, mkono chini ya kiwiko chake, si kwenye kifundo. Neno moja, "mguu", na kimya. Ubao ukiyumba, aketi kwenye ukingo wa boti kwanza, azungushe miguu ndani mmoja mmoja, ndipo ashuke. Ndala avue ashike mkononi. Nyayo zao nyingi ni bapa, vidole havishiki ndala kwenye ubao uliolowa.

Na kwa kuwa tuko bandarini: asibebeshwe mzigo kichwani. Si ndoo ya maji, si gunia, si beseni. Abebe kifuani kwa mikono miwili, au asukume mkokoteni, au washike ndoo wawili. Kuruka majini kichwa mbele pia hapana.

DukaMwanga #11

Kwenye kelele za sokoni mwenye Down anapotea kabisa. Ukimwita jina mara nne ndiyo anageuka. Ni masikio au ni nini?

Mwalimu_ElimuMaalumu #12

Dada, masikio yapimwe kama Nesi alivyosema, lakini hata masikio mazima yanaweza kushindwa hapo. Kuchagua sauti moja kati ya spika ya duka la jirani, honi za bodaboda na watu wanaopatana bei ni kazi nzito kwake. Mtoe kwenye njia ya macho mengi: aketi mgongo ukielekea ukuta, uso ukielekea meza yake, wateja wapite upande mmoja tu. Ukitaka kumwita, ingia mahali macho yake yalipo, ngoja akuone, ndipo useme. Usimguse ghafla kutoka nyuma.

Na usimwongeleshe akiwa anatembea na kitu mkononi. Kutembea kwake bado kunatumia umakini, ukimuuliza swali atapunguza mwendo au atasimama, au kitu kitamponyoka. Barabarani ni hatari zaidi. Mkifika ukingoni simameni, maongezi yaishe, angalieni pande zote, vukeni kimya, mkifika ng'ambo endeleeni na habari zenu.

Nesi_Ujiji #13

Nirudi kwenye umri. Yote mliyosema ni ya mtu ambaye siku zote yuko hivyo. Aliyekuwa mwepesi kwa kiwango chake akawa mzito ni habari nyingine.

Kijana wa miaka 18 au 25 aliyebadilika ndani ya wiki chache, akaacha kuongea, anaganda katikati ya mwondoko na kijiko hewani, hali chakula, hajali usafi aliokuwa anaujali, huyo apelekwe kwa daktari haraka. Inaweza kuwa sonona, au hali ya kuganda ambayo ina dawa.

Kuanzia miaka 40 fikirieni Alzheima. Jeni moja inayohusika na protini inayojilundika kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheima iko kwenye kromosomu ya 21, nao wana tatu badala ya mbili. Wakifika miaka 40 karibu wote wana mabadiliko hayo kwenye ubongo, na dalili kwa wengi hujitokeza miaka ya 50. Kwao haianzi lazima na kusahau majina. Inaweza kuanza na mwendo kuwa mzito, kusitasita kwenye ngazi, kuacha kazi katikati, hasira mpya, au kifafa kwa mtu ambaye hakuwahi kukipata. Lakini thairoidi, masikio, macho na usingizi vipimwe kwanza, msikimbilie kusema ni uzee.

Shida ni kwamba ukimleta akiwa na miaka 48 nakuuliza "zamani alikuwaje?", unasema "alikuwa mzima tu". Akiwa na miaka 30 hadi 35 rekodi video za dakika mbili mbili: anavaa shati lenye vifungo, anapanda ngazi, anamimina maji kwenye kikombe, anatandaza dagaa, anaeleza alichokula jana. Andika tarehe. Rudia kila mwaka mwezi ule ule, na hifadhi kwenye simu mbili.

MamaChanja_Katonga #14

Nina swali moja la mwisho. Mvua za ghafla. Wingu likitoka upande wa Kongo tuna dakika chache tu za kufunika. Wote tunakimbia tunapiga kelele, na hapo ndipo yeye anaganda. Tumwache kando au kuna njia?

MtibaKazi_Kgm #15

Mama, msimwache kando. Apewe kazi moja ndani ya hiyo heka heka, na isibadilike kamwe: pembe yake ya turubai.

Turubai likae limekunjwa siku zote chini ya chanja la kwanza. Pembe yake moja ifungiwe kitambaa chekundu, na mguu wa chanja anakotakiwa kuifikisha ufungiwe chekundu kama hicho. Mtu mmoja tu ndiye wa kumpa ishara, asimame mbele yake na kunyanyua bendera nyekundu, bila kuita. Wengine pigeni kelele zenu, lakini jina lake asitaje mtu.

Miondoko ni mitatu: shika nyekundu, tembea hadi nyekundu, ning'iniza. Kitanzi kiwe kikubwa, ngumi ipite, na mguu wa chanja upigiliwe msumari mrefu uliopinda. Kufunga fundo kwa vidole vifupi huku upepo unavuta kutamshinda hata akiwa hodari.

Mazoezi yafanyike siku za jua, mara tano kila jioni kabla ya kukusanya, bila haraka. Baada ya wiki mbili nyanyua bendera wakati asioutarajia, katikati ya kutandaza. Pima kwa simu kuanzia bendera kupanda hadi kitanzi kuingia msumarini, uandike kila siku. Bendera ikipanda aache bakuli pale pale lilipo, kwa hiyo mfundishe na hilo: mkono wazi, bakuli chini, ndipo aende. Wengi wanaganda kwa sababu mkononi kuna kitu na hakuna aliyewaambia wakiweke wapi.

MamaChanja_Katonga #16

Kuweka bakuli chini. Hilo hatukuwahi kumfundisha. Kitambaa chekundu kipo, tunaanza kesho jioni.